Vipimo vilirudi safi na mwili bado unauma

Arobaini yangu ilikua nzuri, niseme ukweli. Nilizaa kwa opresheni, mtoto wa kike mashallah, nikarudi nyumbani Langoni, hapa kisiwani Lamu, nikakuta kila kitu kishapangwa, mamangu amekuja, mavyaa wangu, mamake mume wangu, yupo, mawifi wanapokezana, kazi yangu mimi ni kunyonyesha na kula na kulala. Asubuhi uji wa pilipili manga, mchana supu, jioni chumba kinafukizwa udi, mzazi hatoki nde, mzazi hashiki maji baridi, mzazi hainui kitu. Kukandwa tumbo kwa maji moto tu ndio nilikataa kwa sababu ya mshono, daktari alikua amekataza, na mamangu akaelewa bila maneno, akawa ananichua miguu na mabega kwa mafuta ya simsim na tumbo hagusi.

Shida ilianza watu walipoondoka. Mamangu akarudi kwake Faza, mawifi wana nyumba zao na watoto wao, mume wangu ni mtu wa bahari, kusi likitulia tu hakai nyumbani. Nikabaki mimi na mtoto juu na mavyaa chini. Kama unazijua nyumba zetu za mawe unazijua ngazi zake, vidato havilingani, kimoja kirefu kimoja kifupi, kuta zimekubana huku na huku, choo kiko chini na jiko liko juu kabisa darini. Kwa siku ni kupanda na kushuka tu, na mtoto begani.

Cha kwanza kilikua moyo. Usiku, mtoto keshalala, na mimi ndio usingizi unaanza kunichukua, moyo unashtuka na kuanza kwenda mbio, vidole vinaingia ganzi, midomo inawasha pembeni, kifua kinabana, hewa haitoshi, nakaa kitako kitandani nimeshika mshipa wa mkono nasikilizia. Nilikua na uhakika nakufa, namuangalia mtoto najiuliza asubuhi atanyonya nini. Kisha linapita, kanga imelowa jasho chapa, na yeye ndio anaamka anataka titi. Usiku wa pili yake naogopa hata kulala, najua likinikuta litanikuta pale pale mlangoni mwa usingizi.

Nyonga nayo ikaja kidogo kidogo. Nikisimama mguu mmoja kuvaa suruali naskia kitu kinachanika hapa mbele kwa mfupa wa kinena, nikigeuka kitandani ndio usiseme, ikawa nalala ubavu mmoja usiku kucha kwa kuogopa kugeuka. Mgongo wa chini. Dole gumba la mkono wa kulia, nikimuinua mtoto kwa makwapa linauma mpaka kwa kifundo. Kizunguzungu nikisimama ghafla. Ngozi ya tumbo hapo juu ya mshono imekufa ganzi, unagusa huskii kitu, halafu siku nyengine inachoma bila kuguswa na mtu.

Sasa hayo yote ukiyamwaga mbele ya mtu kwa mara moja anakuangalia tu. Na mimi mwenyewe nilikua naona haya kuyasema pamoja, nikawa kila mtu nampa kipande chake. Mume wangu alijua moyo. Mavyaa alijua mgongo. Daktari wa kwanza alijua kizunguzungu peke yake kwa sababu mlangoni kulikua na foleni na mtoto analia. Hakuna mtu hata mmoja alokua na hadithi nzima, na kila mmoja kwa kipande alichopewa akanipa jina la ugonjwa.

Majirani walisema ni ile sindano ya mgongo, ya kutiwa ganzi wakati wa opresheni. Wallahi hapa kwetu hakuna mwanamke alozaa kwa opresheni asoambiwa hivo, ukiumwa mgongo hata mtoto kashaingia shule ni sindano. Niliamini muda mrefu mpaka nikawa na kinyongo na yule alonidunga. Baadaye nikaelezwa vizuri, pale ilipoingia panaweza kuuma siku chache, na wengine siku za mwanzo wanapata kichwa kikali sana wakikaa na kikilegea wakilala, hiyo ni kweli na hospitali inatakiwa ijue, lakini wanawake wamefuatiliwa na watafiti na haijaonekana kwamba walodungwa ndio wanaobaki na mgongo wa kudumu kuwashinda wasodungwa. Mgongo wa mzazi una sababu za karibu zaidi, tumbo lilobebwa miezi tisa, misuli ya katikati iloachana, homoni ilolegeza viungo vya nyonga ili mtoto apite (na hata ukizaa kwa kisu homoni hiyo haikujua kama utapasuliwa), na masaa ya kunyonyesha umejikunja.

Nyanya mmoja mtaani akasema ni mchango, ule ugonjwa wa tumbo wa kienyeji. Mavyaa akasema ni kijicho, "Ni mato ya watu hayo mwanangu, ulimpandisha mtoto darini kila mtu akamuona." Akamtuma mume wangu kwa mwalimu wa chuo, kombe la aya za Qurani likaandikwa kwa zafarani likaoshwa kwa marashi, nikanywa kwa nia safi. Najua kuna watakaosoma hapa wakitaka nilicheke kombe, sitalicheka. Usiku ule nililala, na kuona watu wamekuhangaikia peke yake kunatuliza. Nilokataa ni mtu mwengine kabisa, alokuja na masharti yake, niwache vidonge vya damu, nisiende hospitali mpaka amalize siku zake za kunisomea na amalize na pesa zetu. Mwalimu wetu mwenyewe alisema nenda ukapimwe, kusomewa na kupimwa havigombani.

Nikaenda. Hapa kisiwani kwanza, kisha Malindi, kisha Mombasa. Anaeijua safari anaijua, alfajiri unashuka gati, unaingia boti ya Mokowe, na pale pa kuinua mguu kupita ukingo wa boti huku boti inacheza ndio nyonga inakwambia niko hapa. Basi, vizuizi vya polisi, vitambulisho nje, Witu, Garsen, mtoto mapajani, maziwa yamejaa na mwanamme asiyekujua amekaa ubavuni. Lami imesaidia, wa zamani walikua wakiipita ile njia kwa vumbi na matope, lakini masaa ni masaa na mgongo unayahesabu.

Presha sawa. Waya za kifuani za kupima moyo, sawa. Mkojo sawa, skani ya tumbo sawa. Damu ndio ilikua chini, ile wanayoiita hemoglobini, 9 na pointi kidogo, na mwanamke asokua na mimba inatakiwa awe 12 kwenda juu. Thairoidi pia nilipimwa na ni daktari wa Mombasa alotaka, akanieleza kitu sijawahi kukiskia kwa mtu hapa kwetu, kwamba baada ya kuzaa hiyo tezi ya shingoni inaweza kuvimba bila kuuma, miezi ya mwanzo inatoa homoni nyingi moyo unaenda mbio na mikono inatetemeka na unakonda, kisha inachoka inatoa kidogo unakua mzito na baridi na huzuni, na wengi inarudi sawa ndani ya mwaka lakini si wote. Yangu ilikua nzima. Ila naandika kwa sababu kuna mwanamke anaambiwa ni wasiwasi na ni thairoidi, na kipimo ni cha damu tu.

Halafu katika hospitali moja, sitaitaja, nikapewa maneno haya: "Huna kitu mama, ni stresi tu, nenda nyumbani ukapumzike."

Hapa nataka nikae kidogo. Kumwambia mtu sijaona ugonjwa wa hatari ni habari njema na ingenitosha. Huna kitu ni jambo jengine. Nimetoka kwetu usiku, nyonga inawaka, nimeweka mtoto wa watu juani stendi, naambiwa sina kitu, kwa hivo mimi ni muongo au ni mwendawazimu, chagua. Na kupumzika wapi, nani ashike mtoto? Nilitoka pale nikalia ndani ya choo cha hospitali. Na kitu chenyewe hakikuondoka, usiku ule ule moyo ukaja na safari hii ukaja na wazo jipya, kwamba ugonjwa upo na wao hawakuuona. Basi ndio unaanza kutafuta hospitali nyengine na skani nyengine, na saa nane za usiku uko kwa simu unasoma, na ukisoma magonjwa saa nane za usiku njia zote zinakupeleka kaburini. Mume wangu aliuza injini ndogo ya mashua kipindi hicho. Hakunilaumu hata siku moja lakini nilijua imeuzwa kwa nini.

Bado sisemi mtu asipimwe. Kuna mambo mzazi akiyaona asikae kungoja kuambiwa ni hofu: kukosa pumzi ukilala chali mpaka ukae, pamoja na miguu kuvimba, hapo ni moyo unatakiwa uangaliwe. Mguu mmoja kuvimba na kuuma kwa nyama ya nyuma, au kifua kuchoma ghafla ukivuta pumzi, hiyo inaweza kua damu iloganda, na mzazi yuko kwenye hatari hiyo zaidi kuliko mtu mwengine hasa wiki za mwanzo. Kichwa kikali na macho kuona vimulimuli, presha ya uzazi inaweza kuja hata baada ya mtoto kutoka, mpaka wiki sita. Homa, mshono kutoa usaha, damu kutoka nyingi. Kuzimia. Hayo ni ya kutafuta boti usiku huo huo, hakuna kusubiri kukuche.

Alonisaidia mimi hakua daktari mkubwa. Ni fisio mmoja wa Malindi, yaani mtu wa kutibu viungo kwa mazoezi, mwanamke, nilipelekwa kwake kwa ajili ya nyonga tu. Aliniambia nitembee mpaka dirishani na kurudi, nisimame mguu mmoja, nilale nigeuke, akabonyeza mfupa wa kinena kwa kidole kimoja nikaruka. Akasema, "Pole dadangu, hapo panauma kweli." Basi machozi. Ni mtu wa kwanza kugusa mahali penyewe. Akanambia hebu nieleze tangu mwanzo, na usiruke, na mimi nikaeleza, moyo, ganzi, dole gumba, kanga kulowa, yote, yeye anaandika na mtoto wangu amempa kalamu achezee.

Alipomaliza akaniitia nesi wa kliniki ya akina mama, nikaulizwa maswali kumi, kila moja unachagua jibu kati ya manne, kuhusu siku saba zilopita. Nimecheka? Nimejilaumu pasipo sababu? Nimeogopa au kushtuka bila ya sababu ya maana? Nimekosa usingizi kwa huzuni? La mwisho linauliza kama mawazo ya kujidhuru yamekujia. Nimekuja kusoma baadaye maswali yale yalitungwa Scotland mwaka 1987, na mimi nimekaa kwa benchi Malindi na jasho la Malindi naona yameandikwa kwa ajili yangu. Lile la mwisho nilinyamaza. Nesi akasubiri. Halafu nikamwambia kuna usiku nimetamani nilale nisiamke, si kujiua, haramu hiyo najua, kutoamka tu. Hakushtuka, hakunisomea dini, hakumuita mume wangu. Aliniuliza kama niliwahi kupanga chochote, nikasema hapana na ni kweli, akasema ahsante kwa kunambia, na siku ile ile nikaonana na daktari wa mambo hayo. Kama wewe mawazo yako yamefika mahali pa kupanga, usingoje siku ya kliniki, muamshe mtu alo karibu na wewe sasa hivi.

Fisio ndio alonieleza ganzi. Ukiogopa unavuta pumzi haraka haraka bila kujua, hewa chafu ya kaboni inapungua kwa damu kupita kiasi, na hiyo ndio inafanya vidole na midomo kuwasha na kichwa kuzunguka na kifua kubana, na wewe ukiona kifua kimebana unavuta zaidi, inazidi. Kwa hivo dawa yake si kuvuta hewa, ni kuitoa. Vuta kwa pua hesabu 4, toa kwa mdomo pole pole hesabu 6, bega limelegea. Nilimuona ananifanyia mchezo. Lakini alinifanyisha pale pale, akanambia nivute haraka haraka makusudi dakika moja, na wallahi vidole vikaanza kuwasha, mimi mwenyewe nimejitia ganzi nikiwa nimekaa kwa kiti mchana kweupe! Kisha nikatoa pumzi polepole ikaondoka. Sikuhitaji kuambiwa zaidi. Kitu nilichoweza kukileta na kukiondoa mwenyewe hakiwezi kua mauti.

Na maumivu akaniambia hivi. Nyonga ililegea kwa mimba, ikaumia, hiyo ilikua kweli. Sasa miezi imepita, imepona sehemu kubwa, lakini mishipa ya fahamu imezoea kupiga kelele, mtu akiwa halali na damu hana na roho juu juu ndio kabisa. Ni kama mlinzi aliyeibiwa usiku mmoja, akawa kila paka akipita anapiga firimbi, na paka wa Lamu wako wangapi? Nikacheka kwa mara ya kwanza sijui tangu lini. Maumivu yakizidi miezi mitatu, akasema, mara nyingi hayapimi tena ukubwa wa kidonda, na ndio maana picha inakua safi na wewe unalia, vyote viwili vinakua kweli kwa wakati mmoja.

Jioni yake kwa nyumba ya jamaa zetu nilimsomea mume wangu kwa simu taarifa ya shirika la afya duniani, ya Disemba 2023, ilotoka pamoja na utafiti katika jarida la Lancet Global Health. Kila mwaka wanawake si chini ya milioni 40 wanabaki na tatizo la kiafya la muda mrefu kwa sababu ya kuzaa. Mgongo wa chini 32 kwa mia. Wasiwasi kutoka 9 mpaka 24 kwa mia. La juu kabisa kwenye orodha ni tendo la ndoa kuuma, 35 kwa mia, hapo nilinyamaza kidogo kisha nikaisoma pia, maana hilo lilikua kati yetu na hakuna alolisema, yeye akidhani nimemchoka. Akasema, "Kumbe." Neno moja tu. Lakini kuanzia siku ile akawa anauliza kabla.

Mazoezi yenyewe hayana maajabu. Kulala chali magoti yamekunjwa, kubana mto kati ya magoti, kuinua makalio na kushusha polepole. Kuinuka kwa kiti bila mikono. Kutoa pumzi wakati wa kumuinua mtoto, usiizuie. Kukaa chini kuvaa suruali. Kugeuka kitandani magoti yote mawili pamoja. Mto kati ya magoti usiku. Ngazi zetu akanichorea, panda kidato kimoja miguu yote miwili ikutane ndio uende chengine, na mkono ukutani, na punguza safari, kwa hivo ndoo ya nepi ikakaa chini na thermosi ya chai ikakaa juu na mtaa mzima ukaona mavyaa anapika chini kwa jiko la makaa, maneno yakapita wiki nzima kwamba mke wa fulani ni malkia. Punda nisipande, hilo hata sikuuliza mara mbili. Dole gumba nilipewa kitu kigumu cha kulifunga na nikafundishwa kumbeba mtoto kwa kupitisha kiganja chini ya makalio yake, si kumning'iniza kwa makwapa.

Vidonge vya damu nilikua navimeza na chai ya maziwa na mahamri, kumbe chai inazuia ile chuma isiingie mwilini. Nikahamia kuvinywa na maji ya ndimu kati ya milo, chai ikakaa mbali saa moja na zaidi. Choo kitakua cheusi, usiogope, ndio chuma. Damu ilipopanda kizunguzungu kikaondoka na yale ya moyo mchana yakapungua nusu. Huoni? Kwa hivo hata lile "ni stresi tu" halikua kweli lote, na hata lile la kutafuta ugonjwa mmoja mkubwa nyuma ya kila kitu, nililokua nalo mimi, halikua kweli. Yalikua mambo manne matano madogo yamekumbatiana, na kila moja lina dawa yake ndogo ya kuchosha.

Daktari alinianzisha sertraline, dawa ya huzuni na wasiwasi, dozi ndogo. Nilikataa mwanzo kwa ajili ya kunyonyesha, akanieleza inapita kwenye maziwa kwa kiasi kidogo sana na ni katika zile ambazo mama anaenyonyesha hupewa. Wiki ya mwanzo tumbo lilinisumbua na nikaona hakuna faida, inachukua wiki kadhaa ndio uone. Watu wengi wanaiwacha hapo kati. Na za maumivu za duka la dawa nilokua nakunywa kila siku zile za njano na nyekundu akanikataza, tumbo langu lilikua lishaanza kuchomeka.

Usingizi ndio ulokua mgumu maana hauuzwi. Mavyaa alipoambiwa na mume wangu, kwa heshima, kwamba daktari ameandika usingizi kama dawa, akaupokea kama dawa. Baada ya sala ya alfajiri anapanda anamchukua mtoto nishamnyonyesha, "Lala mwanangu, lala," na anafunga mlango. Mimi masaa mawili matatu sijulikani niliko. Mtu mzima yule na ngazi zile. Bado anaamini ni mato ya watu na kila Alkhamisi anafukiza, na mimi nasema ahsante kwa yote mawili.

Kurudi nyuma kulikuepo. Mfungo Sita ukaingia, Maulidi, mji umejaa wageni, mawifi wakanivuta twende msikiti wa Riyadha. Kwenye kichochoro tumebanana mabuibui kwa mabuibui, matwari yanalia, joto, na lile jambo likaja lote, moyo, ganzi, kifua. Zamani ningekimbia. Safari hii nimejua ni paka, nikaegemea baraza ya watu, nikatoa pumzi, nikatoa tena, wifi yangu ananiuliza una nini nikamuonyesha kwa mkono subiri. Ilikua mbaya, sitakudanganya kwamba ilikua nyepesi, jasho lilinitoka na nilitaka kutapika. Ikapanda, ikakaa, ikashuka. Matwari bado yanalia. Tukakaa mpaka mwisho na nikanywa kahawa ambayo sikutakiwa kuinywa usiku ule.

Sasa hivi mtoto anatembea. Nyonga inaniuma siku nikifua mashuka au nikienda kijiji cha Shela kwa miguu na kurudi kwenye mchanga laini, mchanga mgumu wa maji yalotoka hauniumizi, kwa hivo naangalia bamvua na maji mafu kama mvuvi kabla ya kutoka. Moyo unakuja mara chache na ukija haunikalishi kitako. Ganzi ya mshono ipo na nimeambiwa inaweza kubaki. Sertraline tunapunguza na daktari polepole, haikatwi ghafla.

Wanaonipigia kuuliza niende wapi nawaambia kwanza andika kwa karatasi yote, na wakati yanapokuja, na dawa zote unazomeza hata za miti, umpe daktari asome maana ukifika pale utasahau nusu. Uliza damu, uliza thairoidi. Ukiambiwa huna kitu muulize basi ni nini kinaniuma na nifanye nini, na ukae kwa kiti mpaka ajibu. Na kama unatoka kisiwani usiende peke yako, chukua mtu wa kushika mtoto, hata kama ni mdogo wako wa darasa la sita, umlipie nauli yake, maana fisio atataka ulale chali na mikono yako miwili iwe tupu.